Sanduku la posta la Cyangugu, kadi ya simu ya Kamembe

Alhamisi iliyopita tulikuwa mu bisi ya kutoka Nyawera kwenda Bagira, tumebanana kama kawaida, mudogo mmoja wa mwaka wa kwanza wa sheria akaniuliza: "Yaya, profesere ametuambia mabishano ya siri na uhuru wa kusema ku intaneti yalianzia Amerika. Siye huku tuliingia wakati gani?" Aliyekaa karibu naye akajibu kabla yangu: "2023, na Kode ya numeriki." Mwingine wa nyuma akasema hapana, ni WhatsApp njo ilileta hiyo yote. Tulipofika Brasserie nilikuwa bado kumaliza sentensi yangu ya kwanza, na ilikuwa lazima nishuke. Basi, mudogo, jibu lako ni hili. Wenzako pia wasome.

Profesere hakukosea. Tarehe 8 februari 1996, Mmarekani mmoja, John Perry Barlow, akiwa Davos kule Uswisi, aliandika tangazo la uhuru wa intaneti: aliziambia serikali za dunia kwamba mahali hapo hazina mamlaka. Siku ile ile kwao Rais Clinton aliweka saini ku sheria iliyotaka kuadhibu maneno machafu ku intaneti, na tarehe 26 juni 1997 Korti Kuu ya Marekani ikaifuta sehemu hiyo. Hata mbele yao kulikuwa Phil Zimmermann, aliyetoa mu 1991 programu ya kufunga barua kwa ufunguo, inaitwa PGP, na serikali yake ikamchunguza miaka mitatu kana kwamba alikuwa ameuza silaha nje ya nchi. Ni mabishano makubwa, na ni vizuri kuyasoma. Raia yuko upande mmoja, Leta upande wa pili, waya katikati.

Lakini tazama mwaka ule ule wa 1996 huku kwetu. Mwezi wa sita Zaire ilipata sheria ya uhuru wa habari, ile ya tarehe 22 juni. Mwezi wa kumi vita vikaingia Bukavu. Tarehe 29 oktoba, Monsinyori Christophe Munzihirwa, aliyekuwa anaandika barua juu ya barua kuomba dunia iangalie Kivu, aliuawa Nyawera, pale pale tunapopandia bisi. Sheria ya habari ilikuwa na miezi minne tu.

Kwa hiyo siye hatukuingia mu mabishano haya kwa mlango ule wa Barlow. Swali letu halikuwa kwanza "Leta isome barua yangu ama isiisome?" Swali lilikuwa: barua itapitia kwa mlango wa nani? Na yule mwenye mlango atataka nini?

Nikusimulie kitu ambacho kijana wa 2005 hawezi kukijua. Ukipata leo karatasi za zamani za mashirika ya Bukavu, za ile miaka ya RCD, angalia kichwa cha karatasi. Utaona sanduku la posta la Bukavu, na chini yake lingine: Cyangugu, Rwanda. Posta yetu ilikuwa imekufa. Mutu aliyetaka kuandika Bruxelles ama Roma, hata kama anaandika kuyalalamikia majeshi ya Rwanda yaliyokuwa mu muji wake, alivuka Ruzizi, akaitia barua ile ile mu posta ya Rwanda. Papa anasema watu hawakuliona kama jambo la ajabu. Ulikuwa mlango uliokuwa wazi, basi.

Radio Maendeleo, iliyozaliwa mu 1993, RCD iliifunga mu 1999. Maneno hayakuisha, yalihama. Yakaenda kwa makanisa, kwa fonia za wamisionari, kwa fotokopi, na polepole kwa barua pepe. Mfano ulio wazi ni Makobola, kule Fizi. Kati ya tarehe 30 desemba 1998 na 1 januari 1999, watu kwa mamia waliuawa pale.  Dunia ililisikia kwa shirika moja dogo la habari la wamisionari, MISNA, lililokuwa Roma na lilikuwa limeanza tu mu 1997, likitoa habari zake ku intaneti. RCD wakakanusha. MISNA haikutoa majina ya watu waliopasha habari. Mudogo, ukitaka kujua siri na uhuru wa kusema vinashikana wapi, soma mfano huu kuliko mwingine wowote. Yule aliyesema Makobola aliweza kusema kwa sababu jina lake lilibaki gizani.

Monsinyori Emmanuel Kataliko alifanya kinyume. Yeye aliandika kwa jina lake. Barua yake ya Noeli ya 1999 ilisomwa mu maparokia. Ilisema juu ya nchi inayoporwa na wageni pamoja na ndugu zetu wenyewe wanaowasaidia. Tarehe 12 februari 2000 RCD wakamzuia kurudi Bukavu, wakamhamishia Butembo. Alirudi mwezi wa tisa, watu wakajaa barabarani. Tarehe 4 oktoba 2000 akafia Roma.

Papa alikuwa mwalimu wa primeri na katekista mu Bagira. Barua hiyo aliipigia fotokopi, moja tu, akaikunja ndani ya plastiki na kuiweka chini ya unga. Nilipokuwa mutoto nilidhani ni karatasi ya parseli. Nilimuuliza baadaye kwa nini aliificha, maana barua ilikuwa imesomwa mbele ya watu wote, mu kanisa, kwa sauti. Alinijibu: "Kusikia haikukuwa kosa. Kosa ilikuwa kuwa nayo." Sikumwelewa siku hiyo. Nilikuja kumwelewa na simu mkononi.

Nirudi ku intaneti yenyewe. Ilipofika kwa watu kama siye, ilifika kwa siberkafe, na mu siberkafe hakuna kitu kinachoitwa siri. Mashine zilipangwa kwa mstari, nyuma yako kuna watu watatu wanangoja zamu, wote wanasoma pamoja nawe. Familia yetu nzima ilikuwa na anwani moja ya Yahoo, na neno la siri lilikuwa jina la dada yetu mkubwa pamoja na mwaka wake wa kuzaliwa. Shangazi aliye Ubelgiji akiandika mambo ya ndoa yake, mimi wa miaka kumi na miwili njo nilikuwa nayasoma kwanza, kisha nayapeleka nyumbani kwa mdomo, nikiongeza chumvi. Tulicheka sana. Ila ukifikiri vizuri, tulijifunza kuandika tukijua kuna mutu wa tatu anayesoma, na tabia hiyo haijatutoka.

Sasa sheria. Hapa nisameheni, nilifanya memwari juu yake, nitakuwa mrefu kidogo.

Tarehe 16 oktoba 2002 Kinshasa ilitoa sheria ya telekomunikasio, nambari 013/2002. Wiki ile ile Kivu ilikuwa moto: jeshi la Rwanda lilikuwa limetangaza kumaliza kuondoka mwanzoni mwa mwezi, Mai-Mai wakaichukua Uvira, na Bukavu ilikuwa bado chini ya RCD. Maana yake sheria iliyokuja kututawala iliandikwa siku ambayo yule aliyeiandika hakuweza kuituma hata barua hapa. Ndani yake kuna kifungu cha 52, kinachosema siri ya mawasiliano inalindwa. Kizuri. Vinavyofuata vinafungulia milango wakubwa wa sheria na wa usalama. Hiyo pia iko mu nchi nyingi. Lakini kabla ya hapo kuna kifungu cha 46. Kifungu hiki kinairuhusu Leta kukataza matumizi ya telekomunikasio, yote ama sehemu, kwa muda itakaoamua yenyewe, kwa ajili ya usalama wa umma, ulinzi wa nchi, faida ya huduma yenyewe, "ama kwa sababu nyingine yoyote." Nilipofika kwenye hayo maneno ya mwisho nilisoma mara tatu. Kama sababu yoyote inatosha, kwa nini walijisumbua kuandika zile za kwanza?

Miaka tisa kifungu hicho kililala. Mu 2006 Katiba ikaja na kifungu cha 23 cha uhuru wa kusema na cha 31 cha siri ya mawasiliano, na watu wengi wakadhani mambo yamekwisha.

Tarehe 28 novemba 2011 tulichagua rais na wabunge. Tarehe 3 desemba, mesaji za simu zikakatwa nchi nzima kwa amri ya waziri wa mambo ya ndani, Adolphe Lumanu. Si intaneti, mesaji, zile za maandishi. Wakati huo njo ilikuwa intaneti ya maskini. Zilikaa siku 25.

Mama alikuwa anauza sambaza, anazipokea Muhanzi alfajiri. Usiku wale wa upande wa Idjwi na wa Kalehe walikuwa wanamtumia mesaji moja fupi: leo ni kiasi hiki, bei ni hii. Kwa hiyo anajua kama ashuke ama alale. Zilipokatwa, alikuwa anashuka kila siku bila kujua, saa kumi ya usiku, na siku zingine anarudi na beseni tupu. Kupiga simu ilikuwa inamaliza faida yote ku inite. Kule Kinshasa viziwi walilalamika kwamba wao wamenyang'anywa simu yote, maana mutu asiyesikia atafanya nini na simu isiyoandika? Hilo halikuwa limefikiriwa na mwenye kutoa amri, na nakiri, hata na siye.

Lakini usidhani Bagira nzima ilikuwa inalia uhuru. Mabishano yalikuwa makali, hata mu nyumba yetu. Jirani mmoja mzee alisema wakate, hata mwaka mzima. Yeye alikuwa amekumbuka juni 2004, wakati muji ulichukuliwa na watu wa Nkunda na Mutebusi, radio zikafungwa, na uvumi ukawa unakimbia mbele ya risasi: kila saa mtaa fulani umechomwa, kila saa watu fulani wanachinjwa, kweli na uongo mu mfuko mmoja. Alikuwa pia anakumbuka, kama kila mutu wa umri wake anayeishi ku ziwa hili, yale radio moja ya Rwanda ilifanya mu 1994. "Maneno yanaua, nimeona," alisema. Huwezi kumjibu mutu kama huyo kwa kumtajia Barlow.

Jibu nililipata miaka baadaye, nikisoma juu ya Kenya. Januari 2008, baada ya uchaguzi, mesaji za chuki zilikuwa zinazunguka kule na watu wanauawa, na serikali ilikuwa karibu kuzikata. Michael Joseph, aliyekuwa mukubwa wa Safaricom, aliwashawishi wasikate. Badala yake kampuni ikatuma mesaji za amani kwa wateja wake. Sisemi mesaji hizo zilizima moto. Nasema tu kwamba kulikuwa na njia nyingine, nchi nyingine ilikuwa imeijaribu karibu miaka minne mbele, na kwetu hakuna aliyeitaja.

Halafu januari 2015. Hapa njo nilitaka kufika.

Bunge lilikuwa linajadili sheria ya uchaguzi; watu waliona ni ujanja wa kumwongezea Rais Kabila muda, kwa sababu ilifunga uchaguzi na hesabu ya watu wote. Tarehe 19 Kinshasa ikasimama. Tarehe 20 intaneti na mesaji zikakatwa. Human Rights Watch ilihesabu watu angalau 36 waliouawa mu Kinshasa. Yaya yangu alikuwa anasoma kule.

Simu ya sauti ilikuwa inapita, hiyo hawakuikata. Nikampigia. Badala ya kusema, alianza kuongea Mashi, yeye ambaye hata bibi alikuwa anamcheka Mashi yake. Akasema mvua ni kubwa sana, imenyesha tangu asubuhi, imeingia mpaka mu vyumba vya wanafunzi. Nikamuuliza kama ameloa. Akasema yeye hapana, jirani yake wa chumba ndiyo. Tukanyamaza. Papa alinichukulia simu, akamwambia kwa Mashi abaki ndani, akakata.

Wamarekani walikuwa na PGP. Sisi tulikuwa na Mashi na mvua. Na Mashi yenyewe ni ufunguo mbovu, maana hata mwenye kusikiliza anaweza kuwa mtoto wa Kabare.

Fikirini kidogo hilo. Ile njia iliyoachwa wazi ni ile ambayo kila mutu aliamini inasikilizwa. Zile zilizokatwa ni zile za kuonyesha picha kwa wengi. Kama kweli walikuwa wanasikiliza ama hapana, haikuwa lazima. Kuamini kulitosha kutufunga mdomo. Kwa hiyo Januari ile tulipoteza kusema na siri kwa mara moja, bila mutu kufungua hata barua moja.

Siku ya tatu nilishuka mpaka Nguba, mahali ambapo rezo ya Rwanda inavuka maji. Utawaona vijana wamesimama kwa mstari wanaangalia upande wa Kamembe, mikono juu, kama watu wa maombi. Mimi sikuwa na kadi ya kule. Nikavuka Ruzizi ya kwanza na jeto. Kuandikisha kadi ya simu kule wanadai kitambulisho cha raia, na mimi nilikuwa na kadi yangu ya mchaguzi tu. Mama mmoja muuza nyanya, ambaye alikuwa anavuka kila siku kuja kuuza kwetu na mama yangu anamfahamu, akakubali kuiandikisha kwa jina lake. Nilimlipa bei ya kadi na soda.

Nikarudi Nguba, nikawasha. Picha zikaanza kuingia. Kulikuwa na video ya barabarani Kinshasa, vijana wawili wamelala chini, mmoja bado anasogeza mguu. Niliituma kwa kila mutu niliyemjua: Bujumbura, Kampala, Bruxelles, kwa shangazi. Niliandika chini yake maneno makali juu ya wakubwa wa pande zote mbili za Ruzizi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilijisikia mutu huru kabisa.

Papa aliniuliza jioni: "Kadi iko ku jina ya nani?"

Nikamwambia.

"Na yeye anajua umeandika nini?"

Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimesoma sheria miaka miwili, nilikuwa najua kifungu cha 52 kwa kichwa, na sikuwa nimefikiria. Rwanda ilikuwa na sheria yake ya kusikiliza mawasiliano, nambari 60/2013, ya tarehe 22 agosti 2013, inayodai mashirika ya simu yawe na mitambo inayoruhusu kusikilizwa. Kama mutu kule angekasirikia maneno yangu, asingeandika jina langu. Angeandika la yule mama wa nyanya, mwenye watoto, anayepita mbele ya maaskari wa nchi mbili kila asubuhi. Uhuru wangu wa kusema niliukopa kwa siri ya mutu mwingine, na sikumwambia kwamba nimekopa.

Nilivuka tena Jumamosi, nikamrudishia kadi, nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliiangalia, akaivunja kwa meno, akatia vipande mu mfuko wa aproni, akaniuliza mama yangu anaendeleaje. Hakuna kilichompata, namshukuru Mungu. Ila tangu siku hiyo hakuniita tena "mwanangu", alikuwa ananiita kwa jina.

Intaneti ya simu ilirudi mwanzoni mwa februari, na mitandao ya kijamii ikachelewa. Yaliyofuata mnayakumbuka wenyewe, nitapita haraka. Desemba 2016, muhula wa Kabila ulipoisha, mitandao ilizuiwa. Agosti 2017 mamlaka ya telekomunikasio iliandikia makampuni yapunguze nguvu ya kutuma picha. Ndiyo, picha peke yake, kwa sababu walikuwa wameelewa vizuri kinachosumbua. Tarehe 30 desemba 2017, siku moja kabla ya maandamano ya Wakatoliki, ikakatwa tena. Na tarehe 31 desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, ikakatwa kwa siku 20. Kila mara tulirudi Nguba, mikono juu. Mu 2019 tulikuwa tayari tunacheka, na kadi za kule zilikuwa zinauzwa mu Bukavu kama karanga. Sikuona hata mmoja anayeuliza kadi iko ku jina la nani.

Kuna mutu aliyeulizwa swali hilo mbele ya korti, Tanzania. Maxence Melo, wa Jamii Forums, alikamatwa tarehe 13 desemba 2016 kwa sababu polisi walitaka majina ya watu walioandika kwake juu ya ufisadi, naye akakataa kuyatoa. Kesi ilivutwa mpaka aprili 2020, akahukumiwa kwa kuzuia uchunguzi: faini ya shilingi milioni tatu ama mwaka mmoja jela. Alilipia majina ya wengine kwa jina lake. Mimi nilikuwa nimefanya kinyume kabisa, kwa bei ya soda.

Huku kwetu sheria ya 2002 ilibadilishwa na ile ya tarehe 25 novemba 2020, kisha tarehe 13 machi 2023 ikaja Kode ya numeriki ambayo rafiki yetu wa bisi aliitaja. Ndani yake mutu mwenye haki atapata vizuri vingi: kama ulinzi wa habari za mutu binafsi. Atapata pia kifungu cha 360, kinachotaka kumfunga mwezi mmoja mpaka sita yule anayeanzisha *ama anayepitisha* habari ya uongo juu ya mutu ku mitandao. Ni ile ile ya Papa: kusikia hapana, kuwa nayo ndiyo. Tarehe 8 septemba 2023 mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa uwanja wa ndege wa Kinshasa, na kesi yake ilihusu karatasi moja: nani aliitengeneza, nani aliipitisha ku WhatsApp kwanza. Mu korti, wataalamu na mawakili walibishana kama inawezekana kufuata picha mpaka kwa simu ya kwanza. Tarehe 18 machi 2024 alihukumiwa miezi sita, ambayo alikuwa ameshaipita, na kesho yake akatoka.

Kwa hiyo, mudogo, rafiki yako hakudanganya juu ya 2023. Alichelewa tu miaka ishirini na mitano hivi.

Ningetaka kuandika pia juu ya miezi hii, tangu februari 2025 muji wetu ulipopata wenye kuutawala wapya. Sitaandika mengi, na wasomaji wa Bagira wanajua kwa nini. Nitasema tu kile nilichofanya mimi. Usiku wa kwanza nilikaa ku kitanda nikafuta: grupe za zamani, sauti za watu, picha, miaka minane ya mazungumzo na yaya. Nilifuta hata utani. Majina ya watu niliyabadilisha ku simu. Mmoja anaitwa sasa "Fundi choo", mwingine "Deni". Ni saa tatu za kazi, na mwishoni simu ilikuwa safi kama imetoka dukani, na hiyo yenyewe nikaiogopa, maana simu isiyo na kitu nayo inauliza maswali. Nikarudisha picha kumi za arusi.

Asubuhi Papa, ambaye sasa macho yake yamechoka, aliniita mu chumba chake. Plastiki ile ya 1999 ilikuwa ku meza. Panya walikuwa wamekula kona moja, maandishi ya katikati bado yanasomeka. Akaniomba niipige picha ku simu, ili isipotee.

Nikaipiga. Nikaiangalia. Kisha nikaifuta, nikamwambia tuirudishe chini ya unga.